Kuuguza nyumbani kwa watu na kubaki mzima: mwongozo kwa wahudumu wa Dar es Salaam

Mgonjwa akiruhusiwa kutoka Muhimbili au taasisi ya mifupa ya MOI huku hawezi hata kujigeuza kitandani, familia hutafuta mtu wa kumshika. Mtu huyo anaweza kuwa nesi aliyesoma na bado hajapata ajira, dada aliyewahi kumuuguza bibi yake kijijini, au binti aliyeitwa kupika na kufua kisha akajikuta anabadilisha pampasi za mtu mzima. Wodini kuna kitanda cha kupandisha na kushusha, kuna mwenzako wa kushika upande wa pili, kuna boksi la kutupia sindano, na kuna msimamizi wa zamu wa kukukemea ukitumia glavu zilezile kwa wagonjwa wawili. Nyumbani kwa watu, iwe Masaki au Mbagala, hivyo vyote havipo. Kuna kitanda cha futi tano kwa sita kilichosukumwa ukutani, mzee wa kilo themanini, na mwanawe anayekwambia, "Wewe jitahidi tu, dada."

Nimeandika kwa ajili ya huyo anayeambiwa ajitahidi. Hatua zinaanza kabla hujaingia kazini na zinaishia siku unapoumia. Mgongo na sindano nimevipa nafasi kubwa maana humo ndimo watu wanamoumizwa; mengine nayapitia haraka. Na niseme mapema ninavyoona: wengi wetu tunaumia kwa sababu tuliona aibu kuomba. Wakati mzuri wa kuomba ni kabla ya kukubali kazi, pale wao wanapokuhitaji kuliko unavyowahitaji.

Hatua ya 1: Kaione nyumba kwanza

Kwenye simu kila mgonjwa ni "mzee tu, hana shida, anakula vizuri". Usipatane mshahara kwenye simu. Omba kwenda kumsalimia mgonjwa. Ukishaamkia na kukaa kidogo, omba uonyeshwe chumba chake, bafu, choo na njia ya kutoka kimoja hadi kingine. Ipite njia hiyo mwenyewe taratibu, kana kwamba umemshika mtu kiunoni. Utaona kizingiti cha mlango, kapeti lililojikunja, vigae vinavyoteleza vikilowa, waya wa feni uliokatiza katikati, na mlango wa bafu ambao kiti cha magurudumu hakipiti.

Kisha uliza:

- Anaumwa nini, na ameanza lini?
- Anatumia dawa gani? Kuna sindano, kama insulini? Nani anamchoma?
- Anakohoa? Kwa muda gani? Amepimwa kifua kikuu?
- Ameshawahi kuanguka? Mara ya mwisho lini?
- Anasahau, anafoka, anapiga au kung'ata watu hasa jioni?
- Ana kidonda, mpira wa mkojo au mpira wa kulishia?

Huna haja ya kuuliza kama ana virusi vya Ukimwi. Hiyo ni siri yake, na jibu lisingebadilisha kitu: damu ya kila mtu unaishika kwa tahadhari ileile.

Swali ninaloliona kubwa kuliko yote ni hili: nani atanisaidia kumwinua? Wakitazamana, ujue hakuna mtu. Usikasirike. Sema unahitaji mtu wa pili saa za kumwogesha na kubadilisha shuka, hata kama ni mlinzi wa getini au kijana wa jirani anayelipwa kidogo kwa kazi hiyo. Mgonjwa akiwa mzito kuliko wewe, hasimami kabisa, na familia imekataa kabisa habari ya mtu wa pili, mimi ningekushauri uiache kazi hiyo. Najua kodi ya chumba haisubiri. Lakini mgongo ukishaharibika, hata kazi ya kufua hutaiweza.

Hatua ya 2: Patana, kisha iandike

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu mtumishi wa nyumbani kama inavyomhusu karani wa benki. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 ndani ya wiki nne, na malipo yake ni mara moja na nusu ya kawaida. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine kuna mapumziko ya saa 12. Kwa anayeishi palepale kazini yanaweza kupunguzwa hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi. Kila wiki saa 24 za mfululizo ni zako. Likizo ya mwaka ni siku 28.

Anayelala chumba kimoja na mgonjwa aisome vizuri sehemu hiyo ya mapumziko. Kuamshwa saa sita, saa nane na saa kumi usiku kumgeuza mzee ni kazi. Na mtu aliyekosa usingizi siku nne ndiye anayejichoma sindano siku ya tano.

Huna haja ya mwanasheria kuandika. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia, mradi mwajiri ajibu. Mfano:

"Shikamoo mama. Nashukuru kwa kunipokea. Naandika tulivyokubaliana ili tusisahau. Nitamhudumia baba Jumatatu hadi Ijumaa, naingia saa 1 asubuhi natoka saa 11 jioni, mapumziko saa 7 hadi saa 8 mchana. Kumwogesha na kumkalisha kitini nitasaidiwa na kaka. Glavu, sabuni, aproni na barakoa mtanunua ninyi. Kupika na kufua ni vya baba peke yake. Nikiumia kazini mtanipeleka hospitali. Kama kuna nililokosea naomba unirekebishe, mama."

Hiyo sentensi ya kupika na kufua usiione ndogo. Kazi ya mgonjwa ikichanganywa na ya nyumba nzima, utamgeuza mgonjwa mbiombio kwa sababu maharage yanaungua, na haraka hiyo ndiyo inayoangusha watu. Tena aliyetoka kumsafisha mgonjwa haja kubwa asiende moja kwa moja kukata kachumbari.

Kama umepelekwa na kampuni, mwajiri wako ni kampuni. Iulize mambo mawili: mafunzo ya kumwinua mgonjwa, na usajili wako kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF.

Hatua ya 3: Chanjo na mkoba

Nenda kituo cha afya upime homa ya ini aina ya B. Ukiwa huna, chanja: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hii mwaka 2002, kwa hiyo uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hujawahi kuipata. Wengi huishia dozi ya pili, wakishapata kazi. Andika tarehe ya tatu kwenye simu.

Mkobani weka glavu zisizopungua za wiki nzima, barakoa, aproni ya plastiki, sabuni yako ya mikono, taulo dogo lako peke yako, viatu vya kufunika vidole vyenye soli isiyoteleza (kandambili ziache kwako), tochi, chupa ya maji na daftari. Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri, lakini wiki ya kwanza usiingie mikono mitupu ukisubiri anunue.

Hatua ya 4: Mikono, glavu na damu

Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 au zaidi: ukifika, kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kugusa kidonda au mpira, baada ya uchafu wowote, baada ya kuvua glavu, na kabla ya kuondoka. Maji ya bomba yakikatika, ndoo yenye koki ni bora mara mia kuliko besheni ambalo nyumba nzima imechovya mikono.

Glavu ni za damu, mkojo, haja, kidonda na matapishi. Kumlisha uji au kumchana nywele hakuhitaji glavu, na wagonjwa wengi huumia moyoni ukiwagusa kwa plastiki kutwa nzima. Ukivua, kamata ya kwanza kwa nje karibu na kiganja, ivue ikijigeuza ndani nje, ishike kwenye mkono wenye glavu, kisha ingiza kidole kisafi chini ya ukingo wa ya pili na uivue ikiimeza ya kwanza. Usizifue kuzirudia.

Damu ikimwagika sakafuni: vaa glavu, funika kwa tishu au kitambaa cha kutupa, mimina mchanganyiko wa klorini, subiri dakika 10, futa, kisha piga deki kwa sabuni. Mchanganyiko huo ni kikombe kimoja cha JIK kwa vikombe sita vya maji, kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, unapata klorini ya asilimia 0.5. Tengeneza ya siku hiyohiyo. Fungua dirisha. Na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala kitu chenye amonia, hata kama bosi anaamini vikichanganywa vinang'arisha zaidi: inatoka gesi inayounguza mapafu, na bafu za uswahilini hazina pa kukimbilia.

Mgonjwa anayetibiwa saratani Ocean Road ana lake. Baada ya dawa za kemikali kuingia mwilini, mkojo, haja na matapishi yake hubeba dawa hiyo kwa takriban saa 48. Siku hizo mbili vaa glavu kila mara, funika choo kabla ya kuvuta maji, fua shuka zake peke yake. Ukiwa mjamzito, mwombe mtu mwingine ashike zamu hiyo. Na kama amepewa mofini ya maji kwa maumivu, kila dozi iandikwe daftarini na saa yake, ndugu aone. Chupa ikipungua bila maelezo, wa kwanza kutazamwa ni wewe.

Hatua ya 5: Mgongo

Watafiti wa usalama kazini wa Marekani walipiga hesabu wakafikia kwamba mhudumu asiinue kwa mikono yake zaidi ya kilo 16 za mwili wa mgonjwa, tena mgonjwa mwenyewe akiwa ametulia. Mguu mmoja wa mtu wa kilo 100 unakaribia uzito huo. Kwa hiyo neno "kumbeba" lifute. Kazi yako ni kumtelezesha, kumviringisha, na kumsaidia atumie nguvu alizobakiwa nazo.

Anza na kitanda. Kivute kitoke ukutani upate njia pande zote mbili. Mgonjwa ambaye hasimami tena, kitanda chake kiinuliwe kwa vigingi vya mbao mpaka godoro lifike usawa wa nyonga yako. Fundi seremala, kama wale wa Keko, atakuchongea vinne vyenye shimo katikati ili mguu wa kitanda uzame na usichomoke. Matofali hapana. Lakini mgonjwa ambaye bado anasimama, kitanda chake kisipande hivyo: akikaa ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Kwa huyo piga goti moja juu ya godoro unapofanya kazi, usikunje kiuno.

Kumgeuza peke yako, mgeuzie upande wako, ili akianza kubingirika akukute wewe. Kunja goti lake la upande wa mbali, vusha mkono wake juu ya kifua, weka kiganja kimoja nyuma ya bega lake na kingine nyuma ya nyonga. Tanguliza mguu mmoja mbele, kisha hamishia uzito wako kwenye mguu wa nyuma. Mwili wako ndio unaovuta. Mikono inashika tu.

Kumpandisha juu ya mto akiwa ameteremka ni kazi ya watu wawili, sina namna ya kulizunguka hilo. Tandika shuka iliyokunjwa mara mbili kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Kila mmoja ashike upande wake karibu kabisa na mwili wa mgonjwa. Mwombe akunje magoti na kuweka kidevu kifuani, hesabuni "moja, mbili, tatu", mtelezeshe pamoja. Wawili mkihesabu kila mtu kivyake, mmoja anabeba yote.

Kumtoa kitandani hadi kitini, kwa mgonjwa wa kiharusi mwenye upande mmoja mzima:

1. Mwambie unachotaka kufanya. Mgonjwa aliyeshtukizwa hujikaza au hukushika nywele.
2. Weka kiti upande wake wenye nguvu, kikae mshazari kugusana na kitanda. Funga breki zote mbili, kisha kitikise uhakikishe. Ondoa vikanyagio vya miguu.
3. Mgeuze upande, shusha miguu yake ukingoni, na uzito wa miguu ukisaidie kiwiliwili kuinuka.
4. Akikaa, msubirishe dakika moja au mbili. Akilalamika kizunguzungu, mrudishe alale.
5. Mvishe viatu. Soksi kwenye vigae ni ajali.
6. Mfunge kiunoni kitenge kilichokunjwa kwa upana wa kiganja, fundo ubavuni. Hiki ndicho utakachoshika. Kama ana mshono au mpira tumboni, usifunge hapo. Ita mtu wa pili.
7. Simama mbele yake, magoti yako yamekunjwa, goti lako likizuia goti lake dhaifu lisikunjike.
8. Mwambie aelekeze pua mbele ya vidole vya miguu, asukume godoro kwa mkono mzima. Hesabu, asimame, zungukeni kwa hatua ndogo, aguse kiti kwa nyuma ya miguu, kisha akae.

Yapo mawili ya kukataa hata mgonjwa akinung'unika. La kwanza, usimvute kwa mkono uliopooza wala kumshika kwapani: misuli inayoshikilia bega imelegea, na bega linachomoka. La pili, asikukumbatie shingoni. Akiteleza, kilo zake zote zinaning'inia kwenye pingili za shingo yako.

Akianza kuanguka, usimdake. Msogelee, shika kile kitenge, ateleze taratibu kwenye paja lako hadi chini, mkono wako ukilinda kichwa. Mwache hapo sakafuni, mwekee mto, mfunike, muulize panapouma. Mguu ukiwa umekuwa mfupi au umepinda nje, au amegonga kichwa, asiinuliwe mpaka aangaliwe na mtaalamu. Vinginevyo ita watu. Dakika ishirini juu ya kapeti hazimdhuru, lakini ukimkwanyua peke yako kama gunia la mkaa mtalala wawili.

Familia zenye uwezo hununua godoro la hewa na kudhani habari ya vidonda vya kulalia imekwisha. Umeme ukikatika kwa muda mrefu linanywea, na unarudi kumgeuza kwa mkono kila baada ya saa mbili. Panga na mtu wa pili kabla giza halijaingia.

Hatua ya 6: Sindano

Kisukari kimeingiza sindano majumbani kwa wingi. Tafuta galoni gumu la mafuta ya kupikia lenye mfuniko wa kuzungusha, liandike SINDANO kwa kalamu nzito, liweke juu watoto wasifikie lakini lisogeze karibu kabla ya kuchoma. Chupa ya maji ya kunywa haifai, sindano inatoboa. Ukishachoma, usirudishie kifuniko: sindano moja kwa moja galoni. Mgonjwa anayejichoma mwenyewe, mpe galoni aitumbukize mwenyewe. Likijaa robo tatu, lifunge kwa utepe wa kunata (solotepu), ulipeleke kituo cha afya ulichoongea nacho. Usilitupe kwenye gari la taka. Kuna watu wanaochambua taka kwa mikono mitupu tangu mtaani kwenu hadi dampo la Pugu Kinyamwezi.

Ukichomwa:

1. Acha ulichokuwa unafanya. Mgonjwa akae salama, basi.
2. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usinyonye, usimwagie JIK wala spiriti. Damu ikikurukia jichoni, suuza kwa maji mengi safi.
3. Andika saa ilivyo, na sindano ilikuwa ya nani.
4. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo. Amana, Mwananyamala, Temeke, au kituo chochote chenye CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya virusi vya Ukimwi. Sema: "Nimechomwa sindano kazini, nahitaji PEP." Dawa hizo za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinafaa zaidi zikianza ndani ya saa chache, na baada ya saa 72 hazianzishwi. Zinamezwa siku 28 bila kukatisha.
5. Uliza pia kuhusu homa ya ini B, na uwape tarehe za chanjo zako.

Watu hukaa kimya kwa hofu ya Ukimwi na kwa hofu ya bosi. Kwa sindano moja iliyotoka kwa mtu mwenye virusi, hatari ya kuambukizwa ni takriban watu 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufika hadi 30 kati ya 100. Ndiyo maana nimeng'ang'ania chanjo huko juu.

Hatua ya 7: Kikohozi na mbu

Mgonjwa anayekohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kupimwa makohozi. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Mpaka majibu yatoke, madirisha wazi, mapazia yafungwe pembeni, feni ipulize hewa kutoka kwako kwenda dirishani, mgonjwa avae barakoa unapokuwa karibu, na kitanda chako usikiweke chumba hicho. Wewe mwenyewe ukikohoa wiki mbili, nenda ukapime.

Dengi ilisumbua sana jiji hili mwaka 2019, na mbu wake anauma mchana, saa uliyopo kazini. Mwaga maji yaliyotuama kwenye vikopo vya maua na ndoo za uani.

Hatua ya 8: Moto, hewa na joto

Mashine au mtungi wa oksijeni ukiwa chumbani, hapawashwi udi, ubani, mshumaa wala sigara, na jiko lisiwe karibu. Kwa nyumba zetu za Pwani udi ndio mgumu kuuzuia, maana wageni wakija kumwona mgonjwa mama mwenye nyumba anataka chumba kinukie. Mweleze kwa upole: oksijeni haiwaki, lakini cheche ndogo ikiikuta inakuwa moto mkubwa. Usimpake mgonjwa huyo mafuta ya mgando puani wala mdomoni.

Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Kwenye korido, moshi wake una gesi inayoua bila harufu. Jiko la mkaa vilevile, hata mvua ikinyesha. Mtungi wa gesi ukinuka, funga koki, fungua madirisha, usiguse swichi. Hifadhi kwenye simu 114 ya Zimamoto, 112 ya polisi na 199 ya Wizara ya Afya.

Desemba hadi Machi joto la Dar halina huruma, na kumwogesha mtu bafuni umevaa aproni ya plastiki kunachosha kuliko inavyoonekana. Mwogeshe asubuhi na mapema, kunywa maji kabla kiu haijakushika. Ukiona kizunguzungu na jasho limekata, kaa kivulini, jimwagie maji, piga simu.

Hatua ya 9: Kupigwa na kushikwashikwa

Tenganisha mambo mawili. Mzee aliyepoteza kumbukumbu anayerusha ngumi magharibi ikiingia hana ubaya na wewe. Washa taa mapema, zima redio inayopiga kelele, simama pembeni yake badala ya mbele, usizibe mlango, ongea kwa sauti ya chini na umwite jina analolipenda. Akigoma kuoga leo, jaribu tena kesho. Ondoa mezani kisu na birika la chai ya moto.

Mwenye akili timamu anayekushikashika wakati unamwogesha ni habari nyingine. Mwambie waziwazi, "Mzee, hapana. Ukirudia naita mtu," na ukishasema, ita kweli. Tangu hapo aogeshwe mbele ya ndugu, au na mwanamume. Andika siku, saa na maneno. Akiwa ni bosi au mwanawe anayekufuata usiku, toka kwenye nyumba hiyo kwanza, mengine baadaye. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiwa umeingiliwa kwa nguvu, usioge wala kufua nguo. Nenda hospitali haraka iwezekanavyo, maana zile saa 72 za PEP zinahesabika hapo pia.

Hatua ya 10: Kwenda na kurudi

Ukitoka saa tatu usiku Tegeta kurudi Gongo la Mboto, ajali yako inaweza kuwa barabarani. Patana saa inayokukuta bado kuna daladala za kutosha, au nauli ya bajaji iwe ya mwajiri ukicheleweshwa. Bodaboda bila kofia ngumu, subiri nyingine. Masika, Mto Msimbazi ukifurika na Jangwani kufungwa, mwenzako wa kukupokea anaweza kukwama Magomeni hadi usiku. Kubalianeni mapema nani wa familia atashika nafasi hiyo. Usikubali kuunganisha zamu mbili ukimwinua mtu peke yako.

Mjamzito halazimiki kufanya kazi usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua. Na kumwinua mgonjwa, kwa maoni yangu, aache mapema zaidi ya hapo.

Hatua ya 11: Siku ukiumia

Mwambie mwajiri siku hiyohiyo kwa mdomo, kisha kwa ujumbe ulioandikwa: saa, mahali, ulichokuwa unafanya, nani aliona. "Mgongo ulikatika nilipokuwa namwinua baba peke yangu saa 2 asubuhi" ina nguvu kuliko "naumwa mgongo". Nenda hospitali, waambie umeumia kazini ili iandikwe hivyo, omba nakala. Ugonjwa una siku zake kisheria: hadi 126 ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Kama umesajiliwa WCF, mwajiri ana wajibu wa kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko, mfuatilie, usimwachie.

Akikataa kukutibia au akakufukuza kwa kuumia, anza CHODAWU, chama kinachowahusu wafanyakazi wa majumbani, hotelini na hifadhini. Mgogoro unafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu CMA F1. Muda ni mfupi: siku 30 tangu ulipoachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine. Ukiwa bado umelala kwa maumivu, mtume ndugu akaulize utaratibu, na zile meseji za makubaliano zihifadhiwe kwenye simu ya mtu mwingine pia.